Je, Wajua? Mjerumani wa Roketi za Bei Nafuu na Uwanda Ulio Ng'ambo ya Tanganyika

Je, wajua kwamba mtu aliyesimama Nyerere Square, Dodoma mjini, anabebwa kuelekea mashariki kwa kasi ya takriban kilomita 1,665 kwa saa? Dunia hujizungusha mara moja kwa siku, na kadiri unavyoikaribia ikweta ndivyo duara unalozungushwa linavyopanuka, na kasi nayo huongezeka. Dodoma iko nyuzi 6 na dakika 10 kusini mwa ikweta. Cape Canaveral ya Florida, walikorushia Wamarekani roketi za kwenda mwezini, iko nyuzi 28 na nusu kaskazini, na dunia huwabeba watu wa huko kwa kilomita 1,470 kwa saa tu. Baikonur, alikoondokea Yuri Gagarin mwaka 1961, kasi ni kama kilomita 1,165.

Tofauti hiyo ni fedha. Setilaiti inayoizunguka dunia kwa karibu inahitaji kasi ya kilomita 28,000 hivi kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki huanza safari na ile kasi iliyokwisha kupewa na dunia. Kila kilomita ya bure ni mafuta yasiyonunuliwa, au ni mzigo unaoweza kuongezwa. Ndiyo maana Wafaransa hurushia roketi zao Kourou, Guyana ya Kifaransa, nyuzi 5 tu kaskazini mwa ikweta. Na ndiyo maana, katikati ya miaka ya 1970, Mjerumani mmoja mwenye kampuni yake alikuja kutafuta ardhi upande huu wetu.

Jina lake ni Lutz Kayser. Vijana wengi wa leo wanaofuatilia habari za anga za juu hawajapata kulisikia, jambo ambalo naliona ni hasara, kwa sababu habari zake zinatuhusu kuliko za matajiri wengi wa roketi tunaowasoma kila wiki.

Je, wajua kwamba kampuni ya kwanza binafsi duniani iliyojenga roketi kwa lengo la kufanya biashara ya kupeleka setilaiti haikuwa SpaceX? SpaceX ilianzishwa na Elon Musk, mzaliwa wa Pretoria, mwaka 2002. Robo karne kabla yake, OTRAG ya Kayser ilikuwa imekwisha kurusha roketi zake za majaribio kutoka Shaba, jimbo la Zaire (Kongo ya leo) ambalo baadaye liliitwa tena Katanga, kabla ya kugawanywa mwaka 2015. Ukipima kwa mstari ulionyooka kutoka Dodoma hadi kituo chake cha kurushia, ni kama kilomita 800 kuelekea magharibi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwa watu wanaosalimiana kwa Kiswahili cha Katanga.

Kayser alizaliwa Stuttgart mwaka 1939. Tangu akiwa mwanafunzi wa shule, katika miaka ya 1950, alikuwa amekusanya wenzake wakijaribu injini za roketi, na baadaye alisoma chini ya Eugen Sänger, mmoja wa mabingwa wa fani hiyo barani Ulaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa na kampuni ndogo ya utafiti iliyopewa fedha na serikali ya Ujerumani Magharibi itafute namna ya kutengeneza roketi ya bei ndogo. Wakati huo roketi ya pamoja ya nchi za Ulaya, iliyoitwa Europa, ilikuwa imeshindwa mara kwa mara. Kisha serikali za Ulaya zikaamua kuungana nyuma ya mradi wa Wafaransa wa Ariane, na fedha za Kayser zikakatwa. Mtu mwingine angerudi kufundisha chuoni. Yeye aliamua kuwa biashara itafanya kile ambacho serikali imekataa.

Je, wajua kwamba roketi yake ilitumia mota ya waipa ya gari? Hapa inafaa kutulia kidogo, maana ndipo akili ya Kayser inapoonekana.

Roketi za wakati ule zilikuwa ghali kwa sababu kila moja ilikuwa kazi ya mikono ya mafundi wachache, na kila sehemu ilikuwa ya aina yake. Sehemu iliyowatesa zaidi wahandisi ni pampu: mashine inayozunguka kwa kasi ya kutisha ikisukuma mafuta kwenye injini, huku upande mmoja ukiwa na joto kali na mwingine una baridi ya kugandisha. Kayser aliiondoa pampu kabisa. Alichukua mabomba marefu ya chuma yenye upana wa sentimita 27, akayajaza mafuta kiasi cha theluthi mbili, na theluthi iliyobaki akaijaza hewa iliyoshindiliwa. Hewa ndiyo inayosukuma mafuta yatoke. Vali za kufungulia mafuta hayo zilizungushwa na mota za umeme za waipa, zilezile zilizokuwa zikitengenezwa kwa mamilioni kwa ajili ya magari. Fundi yeyote wa gereji angeitambua.

Mafuta yenyewe yalikuwa ya taa, au dizeli. Kwa kuwa huko juu hakuna hewa ya kuwashia moto, roketi hubeba na kile kinachochomea mafuta. Kayser alitumia tindikali ya nitriki, ambayo huuzwa viwandani na haihitaji kupozwa sana kama oksijeni ya kimiminika. Kila bomba lilikuwa na injini yake chini. Ukitaka nguvu zaidi, huhitaji kubuni injini kubwa zaidi. Unaongeza mabomba, unayafunga pamoja kama tita la kuni. Mzigo mdogo, mabomba machache. Setilaiti nzito, mamia ya mabomba. Na kuiongoza roketi nako hakukuhitaji injini inayopinda: unapunguza mafuta kwenye injini za upande mmoja, roketi inageukia upande huo.

Kayser aliamini kwamba kwa njia hiyo angeshusha gharama ya kwenda angani hadi sehemu ya kumi. Wapo wahandisi waliosema mfumo wake ni mzito mno, kwa sababu bomba linalobeba hewa iliyoshindiliwa lazima liwe na ukuta mnene, na uzito ni adui wa roketi. Hoja hiyo ina nguvu, na haikupata kujibiwa kwa vitendo, kwani roketi zote za Shaba zilikuwa na mabomba manne tu. Lakini wazo la kutengeneza injini ndogo nyingi zinazofanana, kwa njia ya kiwanda, ndilo linaloendesha biashara hii sasa: Falcon 9 ina injini 9 katika hatua ya kwanza, na roketi kubwa ya Starship inasukumwa na 33.

Je, wajua kwamba ardhi aliyopewa Kayser ilikuwa kubwa kuliko mikoa ya Dodoma na Singida kwa pamoja? Mkoa wa Dodoma una kilomita za mraba zipatazo 41,300. Singida ina kama 49,300. Ukijumlisha hufiki 91,000. Mkataba wa OTRAG na serikali ya Mobutu Sese Seko ulihusu kilomita za mraba 100,000, na ulikusudiwa kudumu hadi mwaka 2000.

Eneo hilo liko kaskazini mwa Shaba, kwenye mto Luvua unaotoka Ziwa Mweru kwenda kujiunga na Lualaba. Mji unaojulikana ulio karibu ni Manono, mji wa bati wa enzi za Wabelgiji, ambao leo unatajwa kwa lithiamu ya betri. Kituo kilijengwa juu ya uwanda unaoanguka ghafla kwenye bonde la mto, na kwa kuwa hapakuwa na barabara ya maana, kampuni ilianzisha shirika lake dogo la ndege na kununua ndege za mizigo aina ya Argosy zilizokuwa zimetumika Uingereza. Uwanja wa kutua ulisafishwa kwa nguvu za wenyeji walioajiriwa.

Ilikuwa miaka ileile ambayo Dodoma yetu ilikuwa ikichorwa upya. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa mwaka 1973, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaanza kupima viwanja katika nchi ya Wagogo. Ng'ambo ya ziwa, ramani nyingine ilikuwa ikichorwa, na hiyo ilihitaji sahihi ya mtu mmoja tu. Maandishi ya mkataba yalipotoka magazetini, vifungu vilivyowaudhi wasomaji wa Kiafrika ni vile vilivyoipa kampuni mamlaka makubwa ya kuamua nani aingie na nani akae katika eneo hilo. Watu walikuwa wakiishi humo, na mashamba yao, na makaburi ya wazee wao. Kayser alisema siku zote kwamba vifungu hivyo ni vya usalama tu, kwa sababu roketi inaweza kuanguka. Ni kweli roketi huanguka. Lakini mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuulizwa kwanza kama anataka roketi juu ya paa lake, na katika Zaire ya wakati ule hakuna aliyemuuliza.

Watu wa Kongwa wanaujua vizuri mpango unaochorwa mbali na unaokuja na mashine. Mwaka 1947 Waingereza walianza hapo mradi wa karanga uliokusudia kulima ekari milioni 3.2, yaani kama kilomita za mraba 13,000, nyingi zikiwa Tanganyika, ambako kazi iligawanywa kati ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Hata vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani viligeuzwa kuwa matrekta ya kung'olea vichaka. Mibuyu ikagoma kung'oka, udongo ukakauka na kuwa mgumu kiasi cha kuvunja majembe ya mashine, mvua ikafuata desturi yake ya Ugogo badala ya ratiba ya London. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, na hasara ilikuwa zaidi ya pauni milioni 36. Ardhi ya Kayser ilikuwa zaidi ya mara saba ya ardhi yote ya ndoto ile ya karanga.

Roketi ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977. Ilikuwa fupi, ya mabomba manne, na haikukusudiwa kufika kwenye mzunguko wa dunia. Ilikuwa ya kuonyesha kwamba mfumo unafanya kazi, na ulifanya kazi. Ya pili iliruka tarehe 20 Mei 1978. Itazame tarehe hiyo kwa makini. Siku moja tu kabla yake, askari wa miavuli wa Kifaransa walikuwa wameshushwa Kolwezi, zaidi ya kilomita 400 kusini-magharibi, kupambana na waasi walioingia Shaba kwa mara ya pili katika kipindi cha kama mwaka mmoja. Wakati dunia nzima ikiliangalia jimbo hilo kama uwanja wa vita, kwenye kona yake nyingine wahandisi wa Kijerumani walikuwa wakihesabu sekunde za kurusha.

Ya tatu ilirushwa tarehe 5 Juni 1978, Mobutu mwenyewe akiwa amealikwa kushuhudia. Roketi iliinuka, ikainama, ikaacha njia yake na kuanguka bondeni. Hiyo ilikuwa ya mwisho kwa Zaire.

Je, wajua kwamba roketi za Kayser zingefaulu, zingepita juu ya Sumbawanga? Kituo chake kilikuwa karibu nyuzi 8 kusini. Sumbawanga iko karibu nyuzi 8 kusini. Roketi ya kupeleka setilaiti kutoka pale, ikitaka kufaidi kasi ya bure ya dunia, ingeelekea mashariki: ingevuka Ziwa Tanganyika, ingepita anga ya Rukwa, ingeendelea hadi jirani na Iringa, na ingetoka baharini maeneo ya Mafia. Roketi za hatua kadhaa huangusha vipande njiani. Mahali vinapoangukia hutegemea muundo wake, ila ukiangalia ramani utaona wazi kwamba Tanzania ndiyo iliyokuwa uani mwa kituo kile. Hakuna hata moja ya zile tatu iliyofika huko. Hata hivyo nadhani kila mwanafunzi wa jiografia wa nchi hii angepaswa kuuona mstari huo.

Majirani wa Zaire walikuwa na sababu nyingine ya kukosa usingizi, na sababu hiyo haikuwa ya kuokoteza. Mafuta ya taa na tindikali ya nitriki ni familia ileile ya mafuta iliyotumika katika makombora ya Scud ya Wasovieti. Mafuta yanayoweza kukaa ndani ya roketi bila kuganda wala kuchemka yanampendeza mfanyabiashara, na yanampendeza jenerali vilevile. Redio na magazeti ya Kisovieti yalidai kwamba Luvua ni uwanja wa siri wa makombora ya Ujerumani Magharibi. Wengine wakaitaja Afrika Kusini ya makaburu. Angola ilipaza sauti kuliko wote. Chama kilichotawala huko, MPLA, kilikuwa kimepata hifadhi Tanzania wakati wa mapambano, na wapiganaji wake waliwahi kukaa kambini Kongwa, hapahapa mkoani Dodoma, pamoja na wa FRELIMO, ANC na SWAPO. Watu waliopigania nchi yao kwa miaka kumi na zaidi hawakuwa tayari kuamini kwamba Wazungu waliokodi eneo kubwa katika nchi jirani yao wametumwa na hamu ya kurusha setilaiti peke yake.

Historia ya waliomzunguka Kayser nayo haikumsaidia. Mwenyekiti wa bodi ya OTRAG alikuwa Kurt Debus, mkurugenzi wa kwanza wa kituo cha Kennedy cha NASA, mtu aliyesimamia urushaji wa Apollo 11 mwaka 1969. Jina zito, lenye kuvuta wawekezaji. Lakini Debus huyohuyo alikuwa mwanachama wa SS ya Hitler na mhandisi wa kombora la V-2, lililoiangukia London na Antwerp na kuundwa kwa kazi ya wafungwa waliokufa kwa maelfu. Mwaka 1954 Ujerumani Magharibi ilikuwa imejifunga kwa mkataba kutotengeneza makombora ya masafa marefu katika ardhi yake. Katika macho ya Moscow, na hata ya Paris, Mjerumani akirusha roketi barani Afrika alikuwa anaizunguka ahadi ile.

Mimi, kwa niliyoyasoma, naamini Kayser alitaka biashara. Mabomba yake yalikuwa mazito na makubwa mno, na uongozaji wake ulikuwa wa kukadiria mno, kwa silaha ya vita vya kisasa. Ila nia yake haikuwa kitu ambacho Angola ingeweza kukikagua. Mkataba ulifanywa bila wao, bila wakaguzi, na mtawala ambaye hawakuwa na sababu ya kumwamini.

Kiongozi wa Wasovieti, Leonid Brezhnev, aliishinikiza serikali ya Ujerumani Magharibi. Ufaransa, yenye Ariane yake iliyokuwa karibu kuruka, haikuwa na sababu ya kumtetea mshindani. Mwezi Aprili 1979 Mobutu akaifukuza kampuni. Ariane ya kwanza iliruka Desemba mwaka huohuo.

Na fedha zilitoka wapi? Si benki, wala si bajeti ya taifa lolote. Sheria ya kodi ya Ujerumani Magharibi ya wakati ule iliwaruhusu watu wenye kipato kikubwa kuweka fedha katika kampuni zenye hatari na kukata hasara hiyo katika kodi yao. Mamia ya wawekezaji walijiunga kwa njia hiyo. Kwao, roketi ikifaulu ni faida. Isipofaulu, kodi imepungua. Ni mtaji wa ajabu, wenye subira kwa sababu tu haukutegemea sana mafanikio, na serikali ilipobadili mtazamo wake mtaji huo ulikauka.

Kilichofuata ni sehemu ya maisha ya Kayser ambayo hata wanaompenda hupata taabu kuitetea. Alikwenda Libya. Mwezi Machi 1981 roketi ya OTRAG iliruka kutoka jangwani, karibu na Sebha, katika nchi ya Muammar Gaddafi, na sasa ile shaka ya majirani wa Zaire ikapata miguu. Kampuni ikajitenga na Libya chini ya shinikizo, lakini vifaa vikabaki huko. Mwaka 1983 ikajaribu tena, safari hii Kiruna, kaskazini kabisa mwa Uswidi, katika baridi iliyo mbali na ikweta kuliko sehemu yoyote iliyopata kutumia. Mwaka 1987 ikafungwa. Kwa miaka yote hiyo ilikuwa imewasha injini zake ardhini mara maelfu, na kazi hiyo ya kihandisi ni halisi, hata kama setilaiti haikupelekwa hata moja.

Je, wajua kwamba Kayser alimalizia maisha yake katika nchi ileile ambako ndoto yake ilitimizwa na mtu mwingine? Alihamia Visiwa vya Marshall, katikati ya bahari ya Pasifiki, akaishi na mkewe kwenye kisiwa kidogo cha Bikendrik, na akafariki huko Novemba 2017 akiwa na miaka 78. Ni katika nchi hiyohiyo ya visiwa, kwenye atoli ya Kwajalein iliyo nyuzi 9 kaskazini mwa ikweta, ambako tarehe 28 Septemba 2008 roketi ya Falcon 1 ya SpaceX ilifika kwenye mzunguko wa dunia baada ya kushindwa mara tatu, ikawa roketi ya kwanza ya mafuta ya maji iliyojengwa na kampuni binafsi kufanikiwa hivyo. Musk naye alirushia karibu na ikweta. Mwaka uliofuata kifo cha Kayser, mtengeneza filamu wa Kijerumani, Oliver Schwehm, alitoa filamu ya historia ya OTRAG, na humo zimo picha za uwanda wa Luvua wakati kazi imepamba moto: vijana wa Kijerumani wenye nywele ndefu, na Wakongomani waliofanya kazi nzito pamoja nao. Wahandisi wale, waliozeeka, wanapata nafasi ndefu ya kusimulia. Ningependa siku moja kuona filamu inayowapa nafasi kama hiyo wazee wa Luvua.

Wakati Kayser anakuja Shaba, pwani yetu ya Afrika Mashariki ilikuwa na uzoefu wa miaka mingi wa mambo ya anga za juu. Zanzibar, hapo Tunguu, kulikuwa na kituo cha NASA kilichosikiliza chombo cha John Glenn kikipita juu Februari 1962. Kiliondolewa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Ngomeni, karibu na Malindi, Waitaliano chini ya Luigi Broglio walisimamisha jukwaa baharini, nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, wakaanza kurusha setilaiti mwaka 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, walirusha setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya X kutoka kwenye nyota, nayo ikaitwa Uhuru. Urushaji wa mwisho ulikuwa Machi 1988. Malindi ilikuwa na kitu ambacho Luvua haikuwa nacho: mashariki yake ni maji matupu.

Swali ambalo wasomaji wa Dodoma huuliza ni hili: je, roketi ingeweza kurushwa hapa? Uwanda wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, anga ni kavu na safi sehemu kubwa ya mwaka, na kasi ya bure tunayo kuliko Kayser alivyokuwa nayo kule Luvua. Lakini chukua rula na ramani. Dodoma na Mji wa Zanzibar ziko karibu kwenye latitudo moja. Roketi ikielekea mashariki kutoka hapa itapita juu ya vijiji vya Morogoro na Pwani, kisha juu ya Unguja yenyewe. Jibu la jiografia ni hapana, na ni jibu zuri kulijua kabla mtu hajaja na mkoba wa mikataba.

Hata hivyo biashara ya anga za juu haiishii kwenye kurusha. Tarehe 7 Novemba 2022 setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, iliondoka Virginia, Marekani, ndani ya chombo cha mizigo cha kampuni ya Northrop Grumman. Ilijengwa na wahandisi watatu Waganda waliokuwa wakisoma Japani. Tarehe 15 Aprili 2023 Kenya ikafuata na Taifa-1, iliyotengenezwa na kampuni ya Kikenya ya SayariLabs pamoja na EnduroSat ya Bulgaria, na kupelekwa na Falcon 9 kutoka California ikiwa na setilaiti nyingine nyingi kwenye roketi hiyohiyo. Ilielekezwa kwenye mzunguko unaopita karibu na ncha za dunia, na kwa mzunguko wa namna hiyo kasi ya bure ya ikweta haisaidii kitu. Setilaiti nyingi zinazopiga picha za mashamba hupita njia hiyo.

Hapo ndipo Dodoma ina neno la kusema. Hapa mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Machi au Aprili, kiasi cha milimita 570 hivi kwa mwaka, na wiki mbili za ukame katikati ya Februari hutosha kumaliza uwele wa Bahi na mahindi ya Kongwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina makao yake makuu jijini humu, na Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichofunguliwa mwaka 2007, kinafundisha kompyuta na sayansi za dunia kwenye vilima vinavyoonekana kutoka barabara kuu. Picha moja ya kila wiki inayoonyesha wapi majani yamenyauka, Chamwino au Mpwapwa, na kiasi gani bwawa la Mtera limeshuka, ni kazi ambayo kampuni ya watu sita wenye kompyuta nzuri inaweza kuianza. Setilaiti za kupiga picha hizo zinapita juu yetu tayari, na baadhi ya picha zake, kama zile za setilaiti za Sentinel za Umoja wa Ulaya, zinatolewa bure kwa yeyote anayejua kuzisoma.